Mnyororo wa ugavi wa kuaminika: maana yake ukiutazama kutoka Pemba

Msimu wa karafuu ukiwadia Pemba, mkulima akifikisha gunia lake kituo cha ZSTC, shirika la serikali ya Zanzibar linalonunua karafuu, mnunuzi hamuulizi yeye ni mtoto wa nani. Anatia mkono ndani ya gunia. Anatazama kama karafuu imekauka sawasawa, kama imechanganyika na makonyo, vile vijiti vyake, au mpeta, kama ilianikwa juu ya jamvi au ilitandazwa pembeni mwa lami ikala vumbi. Ndipo daraja linapotajwa, na bei inafuata daraja. Wanaweza kuwa majirani wa miaka thelathini. Gunia linakaguliwa vilevile.

Nimeanzia hapo kwa sababu siku hizi khabari za dunia zimejaa maneno "mnyororo wa ugavi wa kuaminika", hasa zinapozungumzia ubia wa viwanda baina ya nchi za kidemokrasia, na wengi wetu tukisikia "kuaminika" tunafahamu urafiki. Urafiki unaweza kuwapo. Kinachokusudiwa hasa ni ule mkono ndani ya gunia.

Mnyororo wa ugavi ni safari nzima ya kitu kutoka ardhini mpaka kwa mtumiaji: anayechimba, anayesafisha madini, anayetengeneza vipuri, anayeviunganisha, anayesafirisha, anayeuza, na kwa vitu vya teknolojia hata yule anayekutumia masasisho ya programu baada ya kununua. Mnyororo huo huaminika pale unapoweza kujua kitu kimepita mikono ya nani, ukathibitisha kwamba hakuna aliyekichezea njiani, na ukawa na hakika kwamba kitaendelea kuja hata siku ambayo wakubwa wamegombana.

Hilo la mwisho sisi Wazanzibari hatuhitaji kufundishwa. Mei 2008 Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima. Disemba 2009 giza likarudi, safari hii kwa takriban miezi mitatu. Umeme wote wa kisiwa ulikuwa unapita njia moja, waya wa chini ya bahari uliolazwa mwaka 1980. Pampu za maji zilisimama, watu wakabeba madumu, na aliyekuwa na jenereta alihesabu kila lita ya mafuta. Waya wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, ulikuja mwaka 2013 kwa fedha za Marekani, ukiwa umetengenezwa na kampuni ya Japani. Pemba nayo ilipata wake kutoka Tanga mwaka 2010 kwa msaada wa Norway; kabla ya hapo ilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha.

Sasa chukua chipu, kile kipande kidogo ndani ya simu kinachofanya hesabu zote. Michoro yake mingi hutoka Marekani. Mashine za kuchapia chipu za hali ya juu kabisa hutengenezwa na kampuni moja tu duniani, ASML ya Uholanzi, nayo hutegemea vioo vya Zeiss ya Ujerumani. Kemikali nyingi hutoka Japani. Kiwandani, sehemu kubwa mno ya chipu za aina hiyo hutengenezwa Taiwan na kampuni ya TSMC. Hakuna nchi, hata iwe tajiri vipi, inayoweza kuifanya kazi hii peke yake. Mwaka 2021 chipu zilipoadimika, viwanda vya magari vya Ulaya, Marekani na Japani vilisimamisha kazi kwa kukosa kipande ambacho pengine kinagharimu dola chache.

Ndiyo maana ya "ubia wa viwanda": kupunguza kutegemea njia moja, kama ule waya mmoja wa bahari. Marekani ilipitisha sheria ya chipu mwaka 2022 na kutenga zaidi ya dola bilioni 50. TSMC ikafungua kiwanda Kumamoto, Japani, mwaka 2024, na mwaka huohuo ikaanza ujenzi wa kingine Dresden, Ujerumani, kwa kushirikiana na kampuni za Ulaya.

Lakini kwa nini wasisitize demokrasia? Hapa inaingia hofu ya kuchezewa. Mwishoni mwa 2020 iligundulika kwamba wadukuzi waliingia katika SolarWinds, kampuni ya programu za kompyuta ya Marekani, na kupachika programu ya kijasusi ndani ya masasisho yake halali. Takriban wateja 18,000 waliyapokea kwa mikono miwili. Mzigo ulipita mlango wa mbele. Mwaka mmoja kabla, wajumbe wa zaidi ya nchi 30 walikutana Prague kuzungumzia mitambo ya 5G, yaani kizazi cha tano cha mtandao wa simu, na tamko la mkutano likasema kwamba haitoshi kukagua mashine. Itazamwe pia sheria ya nchi anakotoka muuzaji. Je, serikali yake inaweza kuilazimisha kampuni ifanye jambo kwa siri? Kampuni inaweza kwenda mahakamani ikapinga? Mwandishi anaweza kufichua akalala salama? Kwa hoja za usalama, Uingereza iliamua Julai 2020 kwamba mitambo ya Huawei, kampuni ya China, iondolewe kwenye mtandao wake wa 5G ifikapo mwisho wa 2027. Huawei yenyewe imekanusha siku zote kwamba ni hatari.

Hoja ya mahakama na magazeti naiona ina uzito wa kweli. Ila isichukuliwe kama hirizi. Julai 2019 Japani ilibana uuzaji wa kemikali tatu za kutengenezea chipu kwa Korea Kusini, katikati ya ugomvi wa fidia za watu waliotumikishwa enzi za ukoloni. Zote mbili ni nchi za uchaguzi na mahakama huru. Mwaka 2021 India, ilipoelemewa na korona, ilisitisha kupeleka chanjo nje, na nchi nyingi za Afrika zilizokuwa zikizisubiri zikabaki mikono mitupu. Kwa hiyo makubaliano yanayostahili kuitwa ya kuaminika huandika mapema nani atapewa nini siku ya dhiki, na nani atamkagua nani.

Kwetu pia kuchagua muuzaji hakujawahi kuwa suala la usalama peke yake. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, zile nyaya kuu za simu na intaneti za Tanzania, ulijengwa na kampuni ya Kichina kwa mkopo wa China, kwa kuwa mkopo ndio uliokuwa mezani.

Na kuna upande ambao husemwa kidogo mno: muuzaji naye anahitaji mnyororo wa kuaminika. Wazee wa Pemba wanaikumbuka Indonesia. Ilikuwa mnunuzi wetu mkubwa wa karafuu kwa ajili ya sigara zake, kisha ikapanda mikarafuu yake mpaka ikajitosheleza, na miaka ya 1980 bei ikaporomoka. Mkulima hakuwa amekosea chochote. Karafuu yake ilikuwa ileile, imekauka vizuri, haina makonyo. Leo mataifa hayohayo ya ubia yanaitazama Tanzania kwa kinywe cha Mahenge na nikeli ya Kabanga, madini ya kutengenezea betri. Wao wanauliza kama yataendelea kuja. Sisi tunapaswa kuuliza yatasafishwa wapi, na kama yataendelea kununuliwa wakipata kwengine, na jibu liwemo ndani ya mkataba kabla ya meli ya kwanza kung'oa nanga.