Hakimiliki: yanayosemwa kijiweni na yaliyomo kwenye sheria

Kundi letu la WhatsApp la wapenda vitabu lilitumiwa PDF ya riwaya ya Kiswahili ambayo bado inauzwa madukani. Kila ukurasa ulipigwa picha kwa simu, na pembeni mwa ukurasa wa 37 kinaonekana kidole gumba cha mpigaji, kucha na yote. Chini kaandika: "Sifa zote kwa mwandishi." Watu wakamwaga asante. Niliposema kazi hiyo ina mwenyewe, nilijibiwa mambo matatu kwa mpigo: mwandishi katajwa, kilichofika mtandaoni ni cha wote, na tena huenda hata hajasajili.

Hilo la kusajili ndilo linalowaumiza zaidi waandishi chipukizi, kwa sababu nao wanaliamini. Mtu ana daftari zima la mashairi, anaibiwa matatu, ananyamaza kwa kuwa hana cheti. Ukweli ni kwamba hakimiliki huzaliwa pale kazi inapoandikwa, inaporekodiwa au kuchorwa. Ndivyo unavyotaka Mkataba wa Berne wa 1886, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Kenya iliingia mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994: haki isitegemee utaratibu wowote wa ofisini. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, au KECOBO, ile ya Kenya, ni jambo jema, maana mkifika kwenye ugomvi cheti ni ushahidi wa nani na lini. Lakini cheti hakizai haki. Rasimu zako zenye tarehe na barua pepe uliyomtumia mhariri ni ushahidi pia, zitunze.

Kutaja jina nako si kibali. Mtunzi ana haki mbili zinazokwenda pamoja: kutambuliwa kwamba kazi ni yake, na kuamua nani aizalishe na kuisambaza. Aliyetuma ile PDF aliheshimu ya kwanza akaivunja ya pili. Kunukuu aya moja ili uijadili, ukataja chanzo, kunaruhusiwa. Kunakili kitabu kizima si kunukuu, hata ukiandika shukrani kwa herufi kubwa. Na kitu kuonekana mtandaoni hakukifanyi kiwe cha umma, sawa na baiskeli iliyoegeshwa barabarani.

Wanaotengeneza video wana imani yao: ukichukua wimbo chini ya sekunde kadhaa uko salama. Hakuna hesabu hiyo katika sheria ya Tanzania wala ya Kenya.

Dhana nyingine imetuchoma wengi: kwamba Disney inamiliki maneno "hakuna matata", na kwamba mtu wa Mombasa akiyasema atashtakiwa. Neno au msemo wa kila siku hauna hakimiliki. Walichokipata, baada ya filamu yao ya 1994, The Lion King, ni alama ya biashara iliyosajiliwa Marekani mwaka 2003 kwa ajili ya nguo, fulana zikiwemo. Alama ya biashara huishia kwenye bidhaa zilizotajwa na katika nchi iliposajiliwa. Kwa hiyo hakuna anayeweza kukuzuia kuyasema maneno hayo wala kuyaimba. Hata hivyo hasira iliyolipuka mwaka 2018 dhidi ya usajili huo naielewa na naiunga mkono: maneno yaliyolelewa na pwani nzima hayakupaswa kuandikwa jina la kampuni hata kwenye fulana.

Kisha kuna wanaodhani haki hufa na mwandishi. Tanzania, Sheria Na. 7 ya 1999 inailinda kazi katika uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, hivyo kwa hesabu hiyo miaka yake ilitimia 2012. Mashairi aliyoyaandika yeye ni ya wote hapa nchini, ila tafsiri mpya, utangulizi au michoro iliyoongezwa na wengine ina wenyewe.

Mwaka huohuo wa 1962 alifariki Solomon Linda, Mzulu wa Afrika Kusini. Yeye ndiye jibu langu kwa dhana iliyo ngumu kuliko zote: "Ukishauza, umeuza, yameisha." Linda alikuwa akifungasha rekodi katika kampuni ya Gallo mjini Johannesburg. Mwaka 1939 alirekodi na kundi lake wimbo "Mbube", na sauti aliyoibuni palepale mwishoni mwa wimbo ikaja kuwa "The Lion Sleeps Tonight", uliovuma Marekani mwaka 1961. Haki alizitoa kwa malipo ambayo mara nyingi hutajwa kuwa shilingi 10. Alikufa maskini.

Mawakili wa familia wakafukua sheria ya Uingereza ya 1911, iliyotumika pia Afrika Kusini. Ndani yake kulikuwa na kifungu kilichosema kwamba haki alizouza mtunzi akiwa hai hurudi kwa warithi miaka 25 baada ya kifo chake. Hesabu ikaangukia 1987. Sahihi ya baba ilikwisha nguvu, na mabinti zake hawakuwa wameambiwa na mtu. Kesi dhidi ya Disney, iliyoutumia wimbo huo katika The Lion King, ilifunguliwa mwaka 2004, na Februari 2006 pande zikapatana: warithi walipwe kwa matumizi yaliyopita, wapate mrabaha, yaani mgawo wa mapato, wa yajayo, na jina la Linda liandikwe kuwa mtunzi mwenza.