Weupe uliomwokoa konokono wa Tahiti

Masika yakianza, bustani za pwani yetu hujaa wale konokono wakubwa wa kahawia wanaotafuna mchicha usiku kucha. Kazi yangu ni kuchunguza konokono wa nchi kavu, na kila nikiwaona hawa namkumbuka mdogo mmoja wa mbali sana: Partula hyalina wa kisiwa cha Tahiti, katikati ya Bahari ya Pasifiki.

Urefu wake ni kama sentimita mbili, gamba lake jeupe. Mchana hujibana chini ya majani. Hatagi mayai ardhini kama wengine wengi. Huzaa mtoto mmoja mmoja, aliye hai. Uzazi huo wa taratibu ulimtosha maadamu hakuwa na adui.

Adui aliletwa kwa sababu ya konokono wetu. Huyo mkubwa, mwenye asili ya Afrika Mashariki, alisafirishwa na watu nchi hadi nchi, akafika Tahiti mwaka 1967 na kuwa balaa mashambani. Mwaka 1974 akaletwa Euglandina rosea wa Florida, konokono anayekula konokono wenzake, ili amwangamize yule mkubwa. Euglandina hunusa ute ulioachwa njiani na kuufuata mpaka kwa mwenyewe. Basi ahangaike na lile jitu lenye gamba nene, na Partula, yaani hyalina na jamaa zake, wamejaa tele mitini? Visiwa vya Society, ambavyo Tahiti ni kimojawapo, vilikuwa na spishi 61 za Partula. Zaidi ya 50 zilitoweka porini. Naumia ninapoandika hivi, kwa kuwa yote yalifanywa kwa makusudi, tena kwa nia njema.

Hyalina akabaki. Kwa nini yeye?

Jibu lilichapishwa mwaka 2021. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitumia vipima mwanga vyenye kompyuta ndani yake, kila kimoja kikiwa na urefu wa milimita 5 tu. Vingine walivifunga juu ya gamba la Euglandina, vingine wakaviweka kwenye majani anakopumzika hyalina. Ikaonekana kwamba hyalina hukaa palipo na mwanga takriban mara kumi zaidi ya anakokaa Euglandina. Gamba jeupe hurudisha miale, mwili usichemke. Euglandina akiingia kwenye jua hilo hukauka, hivyo hubaki kivulini.

Weupe huohuo ulimpa na safari. Wapolinesia wa kale walipenda magamba meupe kwa mapambo, wakamchukua hyalina hadi visiwa vya Austral na kisiwa cha Mangaia, mamia ya kilomita kutoka kwao.

Hofu yangu sasa ni mti. Mikonia, mgeni aliyepandwa Tahiti mwaka 1937, ana majani mapana yenye kivuli kizito, naye ameshaenea sehemu kubwa ya kisiwa. Ningekuwa na sauti huko, ningeanza kuikata pembezoni mwa misitu, pale hyalina anapoota jua.