Apareyi ya sukari, chembe za dhahabu na yale watu wanasemaka

Hapa Bukavu ukisema kuna elektrodi (kipande kidogo chenye kupitisha umeme) za chembe za dhahabu zenye kupima vitu vya damu, mtu anawaza Kamituga, kule kwenye machimbo ya dhahabu, palepale, eti bei yake lazima iko juu sana. Hapana. Chembe ya nano iko kati ya nanometa 1 na 100, na nanometa ni meta moja ukigawa mara bilioni, kwa hiyo dhahabu ya kupaka elektrodi moja ni kidogo mno. Hata si ya njano: chembe ndogo vile zikiwa kwenye maji zinaonekana nyekundu, na ule mstari mwekundu wa TDR ya malaria (kile kipimo cha haraka cha tone la damu) mara nyingi njo dhahabu hiyo. Ila tusichanganye, TDR unaisoma na macho, haipimi umeme.

Wengine wanasema apareyi ya kupima sukari ya damu "inaona" sukari. Haioni kitu. Kwenye bandeleti ya glisemi (kile kijikaratasi cha kuweka tone la damu) kuna enzimi, protini yenye kuharakisha mabadiliko ya kemia, yenye kuchukua elektroni (vichembe vya umeme) za glukozi, njo sukari ya damu, zinapita mpaka kwa elektrodi, apareyi inapima ule umeme mdogo inatoa namba. Watafiti Clark na Lyons walileta wazo la enzimi juu ya elektrodi mwaka 1962, bila nano yoyote, na hata leo bandeleti nyingi za farmasi ni kaboni ama metali bila chembe za nano.

Sasa nano inaleta nini? Chukua dopamini, molekuli ya kupeleka habari kwenye ubongo: kwenye elektrodi tupu, vitamini C na asidi ya yuriki, vitu vingine vya mwilini, zinaachilia elektroni karibu na volti zilezile za dopamini, na vitamini C iko nyingi kuipita dopamini mbali sana, basi yote inaonekana kilima kimoja kwenye grafu, huwezi jua nani ni nani. Ukipaka chembe za nano nafasi ya kugusana inaongezeka, elektroni zinapita haraka, vilima vinaachana, inapendeza kweli. Lakini msizipe sifa zote, juu mara nyingi kuchagua molekuli ni kazi ya enzimi, antibodi (protini ya kinga ya mwili) ama kipande cha DNA kimebandikwa pale.

Na ile ya "apareyi ya kisasa haikosei" inaniumiza sana. Normi ISO 15197 ya 2013, njo kipimo cha kimataifa cha usahihi wa apareyi hizi, inaruhusu kosa la asilimia 15 kuanzia 100 mg/dL (miligramu za sukari kwa desilita moja ya damu), yaani 200 ya kweli inaweza kusomwa 170 ama 230. Mtu amemenya embe hajanawa, sukari ya embe inabaki kwenye kidole, namba inapanda. Halafu bandeleti za kuuzwa moja moja kwenye karatasi! Kopo lake lina dawa ya kukausha hewa, unyevu unaharibu enzimi, na namba inaweza kutoka tu kama kawaida. Tafazali, omba wakufungulie kopo mbele ya macho yako, na uangalie tarehe ya mwisho.