Umeanza kusahau? Usiitupe dawa ya sonona

Serotonini ni nini?
Ni kemikali ambayo seli za neva hutumia kupelekeana ujumbe, na ndiyo ambayo dawa nyingi za sonona huiongeza. Karibu asilimia 90 hutengenezwa tumboni. Ile ya ubongoni hutoka kwenye shina la ubongo na kufika hadi hipokampasi, sehemu inayohifadhi kumbukumbu mpya.

Na vipokezi vyake?
Ni protini zilizo kwenye seli. Serotonini ikishika hapo, seli huitikia. Viko vya aina 14. Vingine huamsha seli, vingine huituliza. Kwa hiyo si kweli kwamba serotonini ikiwa nyingi, kumbukumbu nayo inakuwa nzuri.

Natibiwa sonona na nimeanza kusahau. Si ni hizi dawa?
Swali hili nalisikia kila mara kliniki, na mara nyingi anayeuliza ameshaacha kumeza. Kwa wengi si dawa. Sonona yenyewe huharibu usingizi, umakini na kumbukumbu. Hebu waulize wa nyumbani: hukuwa unaunguza maharage na kusahau ulichotumwa kabla ya kidonge cha kwanza?

Amitriptilini, mojawapo ya dawa za sonona, kweli inaweza kuleta usahaulifu, hasa kwa wazee, kwa kuwa huzuia pia kemikali nyingine iitwayo asetilikolini. Basi njoo tubadilishe. Usiache kimyakimya.

Nimemeza wiki nzima, sioni nafuu.
Wiki moja haitoshi. Fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, huongeza serotonini mapema, lakini vipokezi vya aina iitwayo 5-HT1A kwenye seli zinazoitoa hufanya kazi ya breki, na huchukua wiki kadhaa kulegea. Nafuu huanza kuonekana wiki ya 2 hadi ya 4. Kumbukumbu inaweza kuchelewa zaidi. Usiache.

Sasa nimepona, niache?
Hapana. Unajisikia vizuri kwa sababu dawa inafanya kazi. Kwa kawaida unaendelea miezi 9 hadi 12 baada ya kupata nafuu, kisha daktari anakupunguzia taratibu. Ukiacha ghafla unaweza kupata kizunguzungu, kukosa usingizi, hasira, hata mishtuko kama ya umeme kichwani, na sonona inaweza kurudi. Usiache ghafla, hata jirani akisema ni dawa za vichaa. Hata ukiombewa: omba, na umeze.

Nikinunua Valium dukani nipate usingizi?
Tafadhali, hapana. Watu wanaikimbia fluoksetini wakisema inafuta kumbukumbu, kisha wanakimbilia diazepamu, yaani hiyo Valium, ambayo ndiyo kweli huzuia ubongo kuhifadhi mambo mapya, tena hujenga utegemezi. Tramadoli, dawa ya maumivu, nayo usiiguse bila kumwambia daktari. Ikichanganywa na fluoksetini, serotonini inaweza kuzidi: homa, kutetemeka, misuli kukakamaa, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, degedege. Hiyo ni dharura. Hospitali saa hiyohiyo.

Ndizi je? Nasikia zina serotonini.
Zinayo, lakini haivuki kutoka kwenye damu kuingia ubongoni. Kula ndizi kwa kushiba.

Nije kliniki lini?
Huzuni au kukosa hamu kukifika wiki 2, njoo. Usingoje miezi ukisema ni uzee au umerogwa. Ukiwa na mawazo ya kujiua, njoo leo hii, hata usiku, na ndugu akusindikize. Beba pakiti zote za dawa, pamoja na zile ulizoziacha njiani.