Nyumba za Kigamboni zilipoingia baharini

Juzi kijana mmoja ninayemwelekeza kazi alinitumia picha ya skrini kwa WhatsApp, chini yake ameandika: "Kaka, viwanja vyangu vinaogelea." Alikuwa amefungua tabaka (faili la ramani linalowekwa juu ya jingine) la viwanja vya Kigamboni, upande wa karibu na kivuko, juu ya picha ya setilaiti. Safu nzima ya mbele ilikuwa imeingia kwenye mlango wa bandari, pale pale zinapopita pantoni. Nikamwambia achukue kipimo cha QGIS, programu ya ramani, apime kutoka kona ya kiwanja kimoja kwenye tabaka hadi kona ya ukuta wake kwenye picha. Akajibu: vimesogea kama mita 300 kaskazini, na mia kasoro kidogo magharibi.

Sikuhitaji kuliona faili. Tarakimu hizo kwa Dar es Salaam ni kama sahihi ya mkono, na mwenye sahihi ni Arc 1960.

Ramani nyingi za zamani za Tanzania na Kenya, zikiwemo zile za kipimo cha 1:50,000 ambazo bado zimekunjwa kwenye makabati ya ofisi, zilichorwa kwa datamu hiyo, yaani msingi wa kuhesabia mahali kitu kilipo duniani. Jina lake limetokana na tao la vipimo lililofuata longitudo ya 30 Mashariki, kutoka Afrika Kusini hadi Misri, wapimaji wakipanda kilima hadi kilima na vyombo vyao. Umbo la dunia walilolitumia ni duaradufu ya Clarke ya mwaka 1880. GPS iliyo kwenye simu yako inatumia datamu ya WGS 84, yenye umbo jingine. Nusukipenyo cha ikweta cha maumbo hayo kinapishana kwa mita 112 tu, na wengi hudhani hiyo ndiyo sababu ya viwanja kuhama. Tatizo kubwa liko kwenye vitovu: vya maumbo haya mawili havikai mahali pamoja. Vigezo vya wastani vya kutoka Arc 1960 kwenda WGS 84 kwa Kenya na Tanzania ni kusogeza kitovu kwa mita -160, -6 na -302. Hiyo 302 inafuata mhimili wa dunia, wa kusini hadi kaskazini, na sisi tunaishi karibu na ikweta. Kwa hiyo inatuangukia karibu yote.

Ubaya ni kwamba namba zenyewe hazikuonyi. Kigamboni, kwa mita za UTM (mfumo unaoikata dunia kwa kanda) kanda ya 37 Kusini, ni mashariki 534,000 hivi na kaskazini 9,245,000 hivi. Ni hivyo kwa Arc 1960, ni hivyo kwa WGS 84. Mtu akikwambia "weka tu 37 Kusini" amekupa nusu ya jibu. Kwenye EPSG, orodha ya kimataifa ya mifumo ya ramani na namba zake, kuna EPSG:21037, ambayo ni ya Arc 1960, na kuna EPSG:32737, ambayo ni ya WGS 84. Tofauti yake ni nyumba ya mtu kuwa baharini.

Makosa makubwa mimi siyaogopi, maana yanajitangaza yenyewe. Ukiingiza jedwali la CSV ukabadilishana latitudo na longitudo, vituo vyako vya maji vya Dar vinatua magharibi ya Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Ukisahau alama ya kutoa kwenye latitudo, vinapanda milima ya Bale, Ethiopia. Safu zikiwa tupu na programu ikazisoma kama sifuri, unazikuta Ghuba ya Guinea. Unacheka, unarekebisha, unaendelea. Kosa la mita 300 halichekeshi mtu. Kama kijana wangu angekuwa anafanya kazi Kibaha, viwanja vingeangukia viwanja vingine, ramani ingependeza, na ingechapishwa.

Kosa la kanda nalo hujitangaza, ila lina mtego wake. Tanzania inakatwa na kanda tatu za UTM: 35, 36 na 37. Mpaka wa 36 na 37 ni longitudo ya 36 Mashariki, na Dodoma iko upande wa 36, kilomita kama thelathini tu kabla ya mpaka huo. Morogoro iko 37. Anayeshughulikia barabara au reli kati ya miji hiyo miwili hupokea vipande viwili vyenye mifumo miwili, na akivifungua vyote kama 37, Dodoma inahamia Bahari ya Hindi, mashariki ya Unguja. Kwa kazi ya namna hiyo mimi huchagua kanda moja na kuhamishia kila kitu huko.

Hapa kwenye kuhamisha ndipo wanafunzi wengi wanapopotea. Kuliambia tabaka mfumo wake ni jambo moja, kulibadilisha mfumo ni jambo jingine. Chukua noti ya shilingi elfu kumi ya Tanzania. Ukiibandika karatasi iliyoandikwa "shilingi ya Kenya" hujaibadilisha, umeidanganya. Kuibadilisha ni kwenda dukani, ukapewa noti nyingine kwa kiwango cha siku. Kwenye QGIS, kumpa tabaka mfumo wake ni kukiri tu ulivyolipokea, namba zinabaki zilezile. Ukitaka namba mpya, unalihifadhi tabaka kama faili jipya lenye mfumo mpya. Na ule mfumo unaoandikwa chini kulia mwa dirisha ni wa mradi mzima. Kuubadilisha huo hakulitibu tabaka lolote, ingawa nimewaona watu wazima wakiubofya mara ishirini kwa hasira.

Programu ikikuletea orodha ya njia za kutoka Arc 1960, isome kabla ya kubofya. Kuna vigezo vya Tanzania peke yake, vya Kenya peke yake, na hivyo vya wastani. Vyote vinatosha kwa ramani ya kata au ya mafuriko. Kwa mpaka wa kiwanja chenye kesi havitoshi hata kidogo, hapo mwite mpimaji na alama zake za ardhini.

Yaliyobaki ni madogo ila yanakera. Shepufaili, umbizo la zamani la faili za ramani, inakubali herufi 10 tu kwenye jina la safu, kwa hiyo "idadi_ya_wanaume" na "idadi_ya_wanawake" zote zinakuwa "idadi_ya_w", na programu inaokoa hali kwa kuiita ya pili "idadi_ya_1". Nani mwanamume hapo? Tumia umbizo la GeoPackage. Excel nayo hula sifuri za mbele, kwa hiyo msimbo wa mkoa wa Dar, 07, unageuka 7 na hauoani tena na tabaka la mipaka. Halafu kuna Chang'ombe. Mmoja akiandika kwa alama iliyonyooka na mwingine kwa iliyopinda, kwa kompyuta hizo ni kata mbili, na ukisoma faili la UTF-8 kwa usimbaji (njia ya kuhifadhi herufi) wa Windows unapata "Changâ€™ombe".

Turudi Kigamboni. Kumbe kabla hajaniandikia, kijana alikuwa ameshavikokota viwanja vyote kwa kipanya hadi vikakaa vizuri kwenye picha, kisha akaingiwa na shaka. Nilimwomba afute kazi hiyo, arudi kwenye faili la awali, aliambie kuwa mfumo wake ni EPSG:21037. Viwanja vikarudi nchi kavu bila kuguswa na mkono. Nikamuuliza kwa nini faili la awali halikuwa na mfumo wowote, maana kati ya vipande vya shepufaili alikuwa na .shp, .shx na .dbf tu. Akampigia aliyemtumia. La .prj, linalobeba mfumo, lilikuwepo tangu mwanzo, aliliacha ili barua pepe isiwe nzito. Faili hilo halifiki hata kilobaiti moja.