Uyoga wa wazimu? Ngojeni kidogo

Jana barazani hapa Mji wa Kale mzee wangu mmoja kashika kikombe cha kahawa anasema ati Wazungu wanatibu huzuni kwa kulevya watu uyoga, wote watakua wendawazimu. La, sivo. Chuo kikuu cha Johns Hopkins kule Marekani, walofungua kituo chao cha utafiti huu 2019, mgonjwa anachujwa kwanza, akiwa yeye ama jamaa yake wa karibu ana skizofrenia, ule ugonjwa mkali wa akili, hawamchukui, manake hatari yenyewe ndo iko hapo, halafu siku ya dawa analala kwenye kochi kafungwa kitambaa machoni, silosaibini, ile dawa ilomo ndani ya uyoga huo, imepimwa kwa miligramu, wasimamizi 2 wako naye masaa 6 hivi, kabla na baadae ni mazungumzo. Ulevi gani huo jamani? Bado ni utafiti lakini, msianze kuchuma uyoga shambani.