Glaida na ndege za majaribio za Ujerumani: yanayosimuliwa na yaliyotokea

Katika jumba la makumbusho la Steven F. Udvar-Hazy, jimboni Virginia nchini Marekani, kuna gimba la ndege lisilo na mkia, ambalo plaiwudi yake imebanduka tabaka kwa tabaka kama gome la mti mkavu, na sehemu ya mbele yapo matundu mawili yaliyokusudiwa injini za jeti. Hiyo ndiyo Horten H IX V3, yaani mfano wa tatu wa majaribio wa H IX, ambayo wengi huiita Ho 229. Ni shida kupata ndege ya Ujerumani iliyozushiwa mengi kuliko hii. Inasemwa kwamba ilibuniwa mahsusi isionekane na rada, kwamba Vita Kuu ya Pili vingerefuka kidogo tu ingegeuza matokeo, na kwamba Wamarekani waliinakili wakapata ndege yao ya mabomu, B-2.

Tuanze na rada. Hadithi hiyo ilitoka kwa Reimar Horten mwenyewe, mmoja wa ndugu walioibuni ndege hiyo, ambaye katika miaka ya 1980, akiwa amekwisha kuhamia Argentina, alieleza kwamba alikusudia kuchanganya unga wa makaa na gundi ya mbao ili mawimbi ya rada yamezwe. Wataalamu wa makumbusho ya Smithsonian walipozichunguza chembe nyeusi zilizoonekana katika gundi ya V3, hawakupata ushahidi wa makaa. Zilielekea kuwa mbao iliyooza kwa kuungana na oksijeni. Ni kweli kwamba kampuni ya Northrop Grumman ilitengeneza nakala yenye ukubwa kamili na kuipima, ikakuta kwamba rada za zama zile zingeiona kutoka umbali mfupi zaidi, kwa takriban asilimia 20, kuliko zilivyoiona Messerschmitt Bf 109, ndege ya kivita ya kawaida ya Ujerumani. Lakini ndege isiyo na mkia, isiyo na kiwiliwili kirefu wala panga zinazozunguka puani, hupunguza mwangwi wa rada hata kama aliyeichora hakuwahi kulifikiria jambo hilo.

Mbao nazo zina maelezo mepesi zaidi. Metali za ndege zilikuwa adimu, maseremala walikuwa wengi, na ndugu hao wa familia ya Horten walikuwa wajenzi wa glaida, yaani ndege zisizo na injini, tangu ujana wao. Ndege yao ya kwanza, H I ya mwaka 1933, waliijenga nyumbani kwa wazazi wao mjini Bonn. Waliondoa mkia kwa sababu kila kipande kisichobeba uzito hukwaruzana na hewa na kula kasi. Sifa hiyo ndiyo iliyowafikisha kwa Hermann Göring, mkuu wa jeshi la anga la Wanazi, aliyetaka ndege ya kubeba kilo 1000 za mabomu, kwa kasi ya kilomita 1000 kwa saa, hadi umbali wa kilomita 1000.

Kuhusu kugeuza vita, hesabu inatosha kujibu. V1, mfano wa kwanza wa H IX, iliruka tarehe 1 Machi 1944 ikiwa glaida tupu. V2 iliruka kwa injini za jeti huko Oranienburg mwanzoni mwa Februari 1945, na tarehe 18 ya mwezi huohuo injini moja ikazima, ndege ikaanguka na kumuua rubani Erwin Ziller. V3 ilikutwa na askari wa Marekani mjini Friedrichroda ikiwa haijakamilika. Hakuna hata moja iliyopigana.

Na B-2? Mmarekani Jack Northrop alikuwa akiziendea ndege za bawa tupu, yaani zisizo na kiwiliwili wala mkia, tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, na N-1M yake iliruka mwaka 1940, miaka minne kabla ya H IX kuinuka ardhini. Ikiwa lazima apatikane mtangulizi Mjerumani, basi Hugo Junkers alikuwa na hataza ya ndege ya aina hiyo mwaka 1910, wakati ndugu wa Horten walikuwa bado hawajazaliwa.

Dhana ya pili ni ya kiungwana zaidi, na hata vitabu vya shule hupenda kuirudia: kwamba Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliwakataza Wajerumani kurusha ndege za injini, nao wakakimbilia glaida ili kuficha jeshi la anga. Mkataba ulikataza jeshi la anga. Utengenezaji wa ndege ulizuiwa kwa muda, ukaruhusiwa tena mwaka 1922 kwa masharti ya ukubwa na kasi, na masharti ya ndege za kiraia yakalegezwa sana mwaka 1926. Marubani wa kivita walifunzwa kwa siri, lakini hasa kwa ndege za injini huko Lipetsk, Urusi, kati ya 1925 na 1933. Kilima cha Wasserkuppe, ambacho mhariri Oskar Ursinus aliandalia mashindano ya kwanza ya glaida mwaka 1920, kilikuwa tayari kimepandwa na vijana wa Darmstadt wenye glaida zao kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Lililo kweli ni kwamba zuio lilimwaga vichwa vingi vyenye ujuzi kwenye mchezo usio na fedha, na kwamba baada ya 1933 dola ya Wanazi ilivimeza vilabu hivyo na kuvifanya kitalu cha marubani. Tofauti ya miaka hiyo si ndogo, na kuiruka ni kuwasingizia waliovuta kamba mwaka 1920.

Nasema kamba kwa maana yake halisi. Glaida ilishikwa mkiani na watu wachache, wengine wakaushika mpira mrefu uliofungwa puani na kuteremka nao mbio, na mpira ulipokaza vya kutosha mkia uliachiwa, chombo kikaruka kama jiwe la manati. Mwaka 1920 mshindi alikaa hewani kwa dakika mbili na ushei. Mwaka 1922 glaida Vampyr, iliyojengwa na wanafunzi wa Hannover kwa ukingo wa bawa uliofunikwa plaiwudi ngumu isiyojipinda, ilikaa hewani kwa zaidi ya saa moja, na siku chache baadaye saa tatu.

Hapo ndipo panapoanguka dhana kwamba glaida ni ndege inayoanguka polepole. Huanguka kweli, lakini ndani ya hewa inayopanda kwa kasi zaidi, kama mwewe anavyozunguka bila kupiga mbawa. Robert Kronfeld, kijana wa Vienna, alitumia elimu hiyo mwaka 1929 kuwa wa kwanza kuvuka kilomita 100.

Wapenzi wa Messerschmitt Me 163, ndege ya kivita ya roketi, hutaja rekodi ya kilomita 1004 kwa saa, iliyowekwa na rubani Heini Dittmar tarehe 2 Oktoba 1941, kana kwamba roketi ilimaliza kazi yote. Ndege ile ilivutwa kwanza na ndege nyingine hadi juu, kwa sababu mafuta yasingetosha kupaa na bado kufikia kasi hiyo. Ile ya vita iliwaka kwa takriban dakika saba na nusu, kisha ikawa glaida inayotua kwa tumbo. Zilijengwa zaidi ya 300 na ndege zilizoangusha hazifiki 20. Hata ajali mbaya ya rubani wa majaribio Hanna Reitsch katika Me 163, ya Oktoba 1942, inayosimuliwa kama ajali ya roketi, ilitokea roketi ikiwa haijawashwa: magurudumu ya kurukia yalikataa kudondoka.

Iliyobaki ni imani kwamba ufundi huo wote ulikuwa mali ya Wanazi. Lippisch, aliyebuni umbo la Me 163, ndiye pia aliyemchorea Kronfeld glaida yake ya Wien. Kronfeld alikuwa Myahudi. Wanazi walipotwaa madaraka alihamia Uingereza, akatumika katika jeshi la anga la nchi hiyo, na tarehe 12 Februari 1948 alikufa alipokuwa akiijaribu General Aircraft GAL 56, glaida ya Kiingereza isiyo na mkia.